Msichana Niliyemjua kwa Sauti

Mwanangu, nina siku nyingi kichwani, na nyingine zimeshapauka, lakini iko moja ninayoikumbuka hadi rangi ya leso niliyojifunga. Harusi yangu mwenyewe siikumbuki hivyo, na hiyo ilikuwa na vituko vyake, maana mbuzi alikata kamba akaingia katikati ya kwaya. Hayo tuyaache. Siku ninayotaka kukusimulia ni ile nilipoita mtoto nisiyemjua uso, mbele ya watu wengi, kando ya Jogoo Road, naye akaniitikia.

Lakini siwezi kukufikisha hapo bila kukupitisha utotoni kwangu. Vumilia kidogo.

Mimi shule nilisoma miaka mitatu tu, hapa hapa Makadara, baba alipokuwa dereva wa lori. Nilikaa dawati moja na msichana aitwaye Ndinda. Alikuwa na sauti nyembamba, na akicheka alijiziba mdomo kwa kola ya gauni. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa fimbo na rejista. Alisoma majina bila kuinua macho, sisi tukajibu "Nipo!" kama kuku wanaodonoa. Asubuhi moja akaita, "Ndinda." Kimya. Akaita tena. Kimya. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina, akaendelea na la chini yake. Basi. Hakuna aliyeuliza. Baadaye tulisikia amepelekwa mbali kuwa mfanyakazi wa nyumbani, tena na watu ambao hata mama yake hakujua kwao ni wapi. Mpaka leo, mwanangu, sijui kama Ndinda yuko hai. Ninachokumbuka ni ile kalamu, na jinsi somo lilivyoendelea.

Sasa twende mtaa wa Pipeline.

Mwanangu wa kiume anaishi huko na mkewe na binti yao Mutheu, kwenye zile ploti ndefu za kupanga, zilizobanana mpaka nguo zinakauka kwa kubahatisha. Mutheu ana mwalimu kijana, Mwalimu Wafula. Jumamosi moja huyo mwalimu alikuja kwangu Makadara akiongozwa na Mutheu, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai yangu, akasema, akiniita nyanya kama Mutheu anavyoniita, "Susu, nimesikia wewe ni fundi wa hadithi. Nataka kukuajiri bila mshahara."

Nilicheka mpaka meno haya mawili yakaingia baridi. Nikamwambia, "Mimi sina cheti, mwalimu."

"Cheti ninacho mimi, na darasa linalala," akasema.

Akanieleza. Watoto wake walikuwa wamechoka. Wengine walikuja Jumatatu, wakapotea Jumanne. Na tena, shule ikifungwa jioni, wanatawanyika kwenye vichochoro na ngazi zenye giza, na yeye hajui nani amefika na nani hajafika. Kwa hiyo alitaka nisimulie hadithi kidogo kidogo kwenye simu. Darasani atawasikilizisha, halafu ataikata pale panaponoga. Kila mtoto akifika nyumbani, atatuma ujumbe wa sauti kwa simu ya mzazi: aseme "Nimefika," halafu aseme anavyofikiri hadithi itaendelea vipi. Kesho yake watalinganisha majibu, wataandika, watachora, watabishana. Na yeye atakuwa amejua wote wako salama.

Hiyo akili, mwanangu, ilinifurahisha kuliko sukari.

Wazazi hawakufurahi wote. Kwenye mkutano wa shule alisimama baba mmoja, Baba Kevo, kondakta, sauti kama honi. "Mwalimu, sisi tunawanyang'anya hawa simu, wewe unawarudishia? Kesho wataingia mambo ya ajabu huko ndani, utanijibu nini?"

Mwalimu Wafula hakumpigia kelele. Akasema, "Simu ni yako, mzee, na ibaki mkononi mwako. Kikundi cha kwenye simu ni cha wazazi. Mtoto anasema tu, wewe ndiye unatuma. Picha ya mtoto hapana, hata moja. Mgeni hapana. Na nyinyi nyote mtakuwa mnasikia."

"Na asiye na simu ya maana?"

"Atume kwa ya jirani. Ndiyo kusema atajuana na jirani."

Watu wakacheka. Baba Kevo akakaa, lakini alikaa amekunja mikono.

Basi nikaanza. Siku hizi simu yangu ni ile ya kugusa kioo. Baba yake Mutheu aliniletea, nikaitukana wiki nzima, halafu tukapatana. Kila kipande nilikianza kama nilivyofundishwa na mama yangu: "Paukwa!" Na Mutheu aliniambia darasa zima linaitikia simu, "Pakawa!" kana kwamba nimo ndani ya sanduku la mwalimu. Watoto waliokuwa wakipotea Jumanne wakaanza kuonekana, maana nani atakubali kusimuliwa na rafiki kitu angekisikia mwenyewe?

Na jioni, mwanangu! Nilikuwa naweka chai, nakaa karibu na dirisha, nasikiliza zile sauti zinavyoingia kwenye kikundi, maana na mimi nilitiwa humo. "Nimefika. Nafikiri sungura ataruka ukuta." "Nimefika, na mama anasema huyo sungura ni kama mjomba." Sikuwajua nyuso, isipokuwa Mutheu wangu, lakini nilizijua sauti moja moja. Kulikuwa na moja nyembamba, ya msichana anaitwa Akinyi, aliyekaa na shangazi yake mpakani na mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Akinyi hakukosa hata siku moja. Mara nyingi alikuwa wa kwanza. Nilimpenda kwa sababu ambayo umeshaijua. Alinirudisha kwenye dawati langu la zamani.

Tukafika hadithi ya msichana aliyetumwa moto kwa jirani. Njiani, kwenye kivuko cha mto, akakutana na zimwi. Zimwi likamwambia, "Twende kwangu, kwangu nyama inaliwa kila siku." Likamshika mkono. Hapo nikakata.

Jioni majibu yakamiminika. Mmoja alisema atalirushia majivu machoni. Mwingine, mtoto wa Pipeline kabisa, akasema ataita boda boda. Nilicheka peke yangu. Halafu ikaja sauti nyembamba:

"Nimefika. Mimi nafikiri ataenda tu. Kwao hakuna mtu atauliza."

Niliweka kikombe chini. Haukupita muda, Mwalimu Wafula akanipigia. "Susu, umesikia jibu la Akinyi?"

"Nimelisikia. Halijanipendeza."

"Wala mimi. Kesho nitakaa naye. Tafadhali usimvushe yule msichana mto bado."

Kesho yake akakaa naye wakati wa mapumziko, akamuuliza kwa upole kama nyumbani kuna shida. Akinyi akasema, "Ni hadithi tu, mwalimu." Hakumlazimisha. Akapanga kumwona shangazi yake siku itakayofuata.

Jioni hiyo hiyo sauti zikaanza kuingia, nami nikawa nahesabu moyoni kama mtu anayeingiza vifaranga kikapuni. Wote wakaingia. Akinyi hakuingia.

Ungekuwa ni wewe, ungesema labda simu imezima. Mimi nilisimama, mwanangu. Niliiona ile kalamu ikishuka juu ya karatasi.

Kabla sijampigia mwalimu, sauti yake ikaingia kwenye kikundi. "Wazazi, Akinyi hajafika. Simu ya shangazi yake haipatikani. Aliyemwona aseme."

Mama mmoja anayeuza mandazi nje ya shule akajibu: amemwona akitoka, akapokewa na mwanamke mwenye begi jekundu, wakaelekea barabarani. Alidhani ni ndugu. Halafu ikaingia sauti ya honi.

"Mwalimu, hao nimewashusha Makadara saa hii tu! Kwa kile kituo cha mafuta. Huyo mama alikuwa anasema kwa simu ati wanangoja gari ya safari ya mbali. Mtoto alikuwa kimya tu. Ngai, ningejua!"

Makadara! Hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nikabonyeza, nikapiga kelele ndani ya simu, "Mimi niko karibu! Naenda!" Mwalimu akajibu anapiga simu kwa polisi na kwa afisa wa watoto, na yuko njiani na pikipiki. Nikajifunga leso, ile ya machungwa yenye madoa meusi, nikashika fimbo yangu. Magoti yalilalamika. Niliyaambia yalalamike kesho.

Nikafika. Na hapo ndipo nilipogundua jambo. Kituo kilijaa watu. Wanaongoja magari, wenye mizigo, wachuuzi, akina mama na mabinti kila upande, na begi jekundu siyo moja, ni manne. Na mimi Akinyi simjui uso! Namjua sauti tu. Nitamshika nani mkono? Nikimshika asiye yeye, yule mwanamke atashtuka aondoke naye.

Nikasimama katikati, pale pikipiki zinapopangwa. Nikavuta pumzi. Nikaita kwa ile sauti yangu ya hadithi:

"Paukwa!"

Watu wakageuka. Kijana wa boda boda akasema, "Shosho, leo umeamka na mambo gani?" Wenzake wakacheka.

"Paukwa!" nikaita tena, kwa nguvu zaidi.

Na kutoka nyuma ya rundo la matairi ikatoka sauti nyembamba, ya mtoto aliyeitika kabla hajajizuia, kama anavyoitika kila siku darasani:

"Pakawa!"

Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini sauti tamu kama hiyo sijapata kusikia.

Nikaenda. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa nailoni, sare ya shule imefunikwa na sweta ya mtu mzima. Nikamwambia, "Yule msichana wa kwenye kivuko, unajua kilichofuata? Nyanya yake alisikia kimya. Akatoka kumtafuta."

Akanitazama kwa macho makubwa. "Wewe ni Susu wa simu?"

"Ndiyo mimi. Na wewe ni Akinyi. Twende nyumbani."

Mwanamke wa begi jekundu akaruka. "Nyinyi ni nani? Huyu amepewa kazi, shangazi yake anajua!"

"Huyu ana shule," nikasema, "na jioni hii hajatuma sauti yake." Nikamshika Akinyi mkono, na wale vijana wa boda boda, waliokuwa wakinicheka, wakapanga pikipiki zao kutuzunguka kama ua. Mmoja alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Wakati huo huo Mwalimu Wafula akashuka akihema. "Msimguse!" akasema. "Atajibu kwa wenye kazi hiyo." Askari wa kike akafika, akamchukua yule mwanamke bila kofi hata moja. Nilimheshimu mwalimu zaidi kwa hilo.

Na yule shangazi, usiharakishe kumhukumu. Alikuwa amefukuzwa kibarua kiwandani, chakula kimekatika, akaambiwa mtoto atapelekwa penye chakula na masomo ya jioni. Hakuuliza ni wapi. Alilia mbele ya afisa wa watoto. Afisa alimsikiliza, akaweka utaratibu wa kuwatembelea. Wazazi wa kikundi wakaanza kupitisha unga na sukuma wiki mlangoni kwake, na aliyebeba wa kwanza alikuwa Baba Kevo, mikono haijakunjwa tena.

Asubuhi yake nilikwenda shuleni mwenyewe. Nikamalizia hadithi nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye kivuko nikauliza, "Basi ikawaje?" na darasa zima likapaza sauti, "Walimtafutaaa!" mpaka darasa la pili wakatoka kuchungulia. Akinyi alicheka. Alijiziba mdomo kwa kola. Ilibidi nigeuke dirishani kidogo, nijifanye nina vumbi jichoni.

Jioni, chai mkononi, zikaingia. Ya kwanza kabisa ilikuwa nyembamba:

"Nimefika. Na siku nyingine nikinyamaza, mnitafute tena."

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe ambaye kesho utakuwa mwalimu, au mzazi, au mtu tu mwenye simu mfukoni. Hiyo simu usiiogope, na usimwachie mtoto peke yake nayo pia; ishikeni pamoja, mlango wazi, wageni nje. Ukifundisha, mpe mtoto kitu cha kumfanya atake kurudi kesho, kwa maana anayetaka kurudi utajua haraka asiporudi. Akikupa jibu la ajabu, usiliwekee kosa kabla hujajiuliza limetoka wapi. Na ukiita jina, pakawa kimya, weka kalamu chini. Inuka uende.

Mungu akupe masikio ya kusikia sauti inayokosekana. Akupe majirani watakaokujibu ukiita, na magoti yatakayokufikisha. Watoto wote waliokabidhiwa mikononi mwako wafike nyumbani, jua likiwa bado juu, na waseme kwa sauti zao wenyewe kwamba wamefika.