Ufunguo wa Kopo

Duka lilikuwa kubwa, lenye milango ya kioo inayojifungua yenyewe kama imefundishwa adabu. Choo cha wafanyakazi ndicho kisichofunguka hata kwa maombi. Ufunguo wake ulikaa mezani kwa msimamizi, umefungwa kwa waya kwenye kopo tupu la rangi, eti usipotee. Ukitaka kujisaidia, unabeba kopo lako mbele ya foleni nzima, linagonga ngo-ngo-ngo, mpaka anayechagua vitunguu kule nyuma ajue keshia anakwenda wapi. Na hapo ni ukiwa umeruhusiwa. Msimamizi, ambaye pembeni walimwita Bwana Kopo, alikuwa na jibu moja la kila siku: "Mapumziko bado."

Mama Risiti alikaa kaunta ya mlangoni. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa hakumwachia mtu atoke bila risiti yake. Mdomo alikuwa nao, na mgongo wa chuma. Kibofu lakini si chuma. Asubuhi hagusi chai asije akabanwa, mchana anabana miguu, jioni mkojo unatoka matone matone, unachoma kama pilipili. UTI ilikuwa imemrudia tena, na safari hii kiuno kilimuuma upande mmoja na homa ikampanda.

Dawa alikunywa. Zahanati walimwandikia vidonge, akavimaliza, ikarudi. Wakamwandikia vingine, ikarudi. Wifi yake akamletea masalia ya vidonge vyake mwenyewe, yamefungwa kwenye leso.

"Mimi viliniponya mara moja tu."

"Wifi, hivi ni vya mkojo au vya jino?"

"Dawa ni dawa, wewe meza. Ukijifanya msomi utakufa na akili zako."

Akameza. Moto ukabaki pale pale.

Siku homa ilipomtetemesha hadi akampa mteja risiti ya mtu mwingine, alivua koti la kazi akaenda hospitali bila kumuuliza mtu. Zamani mkojo ulipelekwa maabara ya mbali kuoteshwa vijidudu. Majibu yakirudi, mgonjwa keshamaliza dawa ya kubahatisha. Sasa palikuwa na mashine mpya, ndogo kama redio ya mezani. Dada wa maabara akamweleza: mkojo unagawanywa kwenye vijitundu, kila kimoja na dawa yake, mashine inaangalia wapi vijidudu vinakufa na wapi vinaendelea kuzaana. Jibu linatoka kabla kiti hakijapata joto.

"Mara ya mwisho umekojoa lini, mama?"

"Alfajiri, kabla sijatoka nyumbani."

Dada akatazama saa ya ukutani. Jua la mchana lilikuwa limeshageuka. "Safi sana. Mkojo uliokaa ndio tunaoutaka. Wengi tunawarudisha, wanakuja wametoka chooni sasa hivi."

Mama Risiti akacheka kicheko kibaya. Kumbe Bwana Kopo ni mwanasayansi. Miaka yote anawaivisha makeshia wake kwa ajili ya maabara, wao wakamwona shetani.

Jibu likatoka. Vijidudu vilishazoea dawa zote mbili za zahanati, na ile ya kwenye leso pia. "Hizo vilikuwa vinaogea," alisema daktari. Ilibaki ya sindano, na hiyo iliviua. "Tumevipata. Lakini unywe maji mengi, na ukibanwa uende. Ukiendelea kubana vitarudi, tena vinaelekea kwenye figo."

"Daktari, mashine ya kumpima msimamizi mnayo?"

"Hiyo bado haijaletwa."

Hasira ilimshika njiani, akatembea nayo hadi nyumbani. Binadamu wamejua kumkamata mdudu asiyeonekana kwa jicho na kumuuliza anaogopa nini. Mwanamume mzima ameshindwa kuachia ufunguo.

Alipomaliza sindano alirudi kazini na chupa kubwa ya maji, akaisimamisha kando ya mashine ya risiti, akanywa kila mtu akiona. Kabla ya adhuhuri alisimama, akaenda mezani kwa msimamizi, akabeba kopo.

"Mapumziko bado," Bwana Kopo akasema.

"Najua."

"Na foleni hiyo?"

Mzee mmoja mwenye mfuko wa sukari akadakia, "Mwache, bwana. Hata hiyo mashine yako huwa inasimama ibadilishwe karatasi."

Akaingia, akajifungia. Mkojo ukatoka wote, mwingi, bila kuchoma. Alidhani atafurahi. Badala yake hasira ilipanda upya: kumbe ni kitu kidogo hivi? Akakaa pale pale, kopo mapajani, akaanza kuukunjua waya ulioshika ufunguo.

Baadaye mlango ukagongwa. Bwana Kopo alikuwa akinywa soda tangu asubuhi, maana yeye hakuna aliyemfungia.

"Mama Risiti, fungua. Nimebanwa."

"Mapumziko bado."

"Sitanii, mama. Nimebanwa kweli."

"Nakusikia. Bana miguu. Maabara wanaupenda uliokaa."

Akaendelea kuukunjua ule waya kwenye kopo, taratibu, maana ulikuwa umekazwa na mtu aliyedhamiria.