Mbege ya Posa na Ulimi wa Mzee Ndemasi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu katikati ya migomba, hadi majirani wanaulizana kama Bibi Aikande yu mzima. Ni siku tuliyopeleka pombe ya posa kwa kina Manka, enzi za Mwingereza, wakati huo mimi mwenyewe msichana ambaye hajaposwa na yeyote. Imenirudia jana jioni, niliposikia ninyi mliopanda kutoka Dar kuja kula Krismasi mnabishana uani juu ya chupa zenu za vodka. Huyu anasema hii ni laini, haikwaruzi koo. Yule anamjibu, laini kitu gani, unalipia karatasi ya chupa tu, hii ya bei ndogo ndiyo yenyewe. Mwingine anajigamba kwamba hata mkimfunga kitambaa machoni atazitambua zote. Nikajisemea, haya, damu nzito kuliko maji. Babu zenu walibishana hivyo hivyo, ila wao walibishana mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Pombe kali za chupa Mwingereza alituzuia sisi tusiziguse, akabaki kuzinywa mwenyewe.

Sokoni kwetu walikuwepo wapikaji wengi, lakini waliotajwa ni wawili. Mama Nderingo yake ilikuwa tamu, ndizi nyingi, ulezi wa kutupia tu, na bei yake ilimfaa kila mtu. Vijana waliipenda. Wazee walisema ni uji wa watoto, ukinywa asubuhi saa nne umeshasahau kama ulikunywa. Mama Shose, huyo sasa ndiye aliyekuwa bibi wa soko! Mbege yake nzito, ulezi wa kutosha, na gome la msesewe alilipima kwa mkono wake, hivyo utamu ulitangulia na uchungu ukaja nyuma polepole. Bei yake ilikuwa ya kuumiza, unapata kata moja kwa bei ya kata mbili za mwenzake, na bado watu walisimama wakimsubiri. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama Shose alisifiwa miaka yote na maji hakutia, nami nampa haki yake.

Sasa, kaka yangu Aminieli alimpenda Manka, msichana wa ng'ambo ya mto. Alimpenda mpaka akawa anapalilia kahawa huku anaongea peke yake. Baba yake Manka alikwishafariki, na neno la mwisho lilikuwa la babu yake, Mzee Ndemasi. Mzee huyo alisifika mlima mzima kwa ulimi wake. Ukimpa mbege anakwambia ni ya Kibosho au ya Marangu, ndizi zilichemshwa siku ya mvua au ya jua. Mwaka uliotangulia alikuja kijana mwingine kumposa Manka, mzee akaonja, akashukuru kwa adabu, akasema mjukuu wake bado mdogo. Kumbe mdogo gani, alikuwa amenizidi mimi!

Pombe ya posa kwa desturi yetu hupikwa na mama wa nyumba. Mama yetu alikuwa amelala, mgongo umemshika, hata kugeuka anaita mtu. Kazi ikaniangukia mimi. Nilichemsha ndizi, nikasaga ulezi uliochipua, nikafanya yote aliyokuwa akiniambia kutoka kitandani. Lakini nilichelewa kukoroga, ndizi zikashika chini ya chungu kidogo. Kidogo tu, mwanangu, lakini moto hauna siri. Mbege ilipoiva, Aminieli akaonja, akakunja uso.

"Aikande, hii ina moshi."

"Si tuko Moshi," nikamjibu.

Hakucheka. Alikaa juu ya kinu akashika kichwa. "Yule mzee atanirudisha, na Manka ataolewa na mwingine. Basi." Nilimwona machozi yanamlenga, nami hasira zangu zikapungua. Kesho yake akaenda kwa Mama Shose na akiba yake yote ya fedha za kahawa, akarudi na mtungi umejaa. Akasema huo ndio utakaokwenda. Mimi nilinuna. Niliona mikono yangu imetukanwa mbele ya mama. Mama akaniita, akaniambia kwa sauti ya chini, "Beba na wako. Posa haiendi na mtungi mmoja." Sijui kama alikuwa na lake moyoni au alinihurumia tu.

Tukashuka na kupanda, shangazi mbele, mimi nyuma na ngata yangu kichwani na mtungi wangu juu yake. Tukapokewa vizuri. Mzee Ndemasi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mwembamba, kofia imemfunika masikio. Tukamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia "Marahaba" mmoja mmoja, hana haraka. Kaka akachota kutoka mtungi wa Mama Shose, akanywa yeye kwanza ili wenyeji waone haina ubaya, kisha akamtolea mzee kwa mikono miwili. Mzee akaonja. Akafumba macho. Uso wake ukachanua tabasamu, nasi tukapumua.

"Mama Shose!" akasema, kama mtu aliyekutana na rafiki njiani. "Hajambo? Mmemwacha salama?"

Shangazi aliangalia chini. Kaka akaufunika mtungi.

"Nzuri sana," mzee akaendelea, na kwa kweli akapiga funda jingine. "Hakuna anayemfikia huyu mama. Ila niambieni, ana mtoto wa kiume anayeposa hapa? Maana naona nimeletewa pombe yake. Mjukuu wangu ataishi katika nyumba yenu, nyumba yenu ndiyo nilitaka kuionja. Mkiniletea soko, basi nimpeleke Manka sokoni?"

Lo! Nilisikia sufuria inaanguka ndani, nikajua Manka yuko nyuma ya mlango na amesikia kila neno. Mzee akaanza kutafuta fimbo yake ainuke. Akiinuka, mwanangu, mambo yamekwisha, hakuna kumkalisha tena. Shangazi, mwenye maneno ya kulisha kijiji, akawa anakaza kanga yake tu.

Hapo nikafanya jambo ambalo msichana hakutumwa kufanya. Nilichota kata moja kutoka mtungi wangu, nikanywa kwanza, nikapiga magoti mbele yake.

"Babu, hii ndiyo ya nyumbani."

Akanitazama kwanza mimi, kisha akaonja. Akakunja uso vile vile kama kaka.

"Moshi!"

"Ndiyo, babu."

"Ndizi zilishika chini."

"Zilishika, babu. Mama anaumwa mgongo, nimepika mimi, nikachelewa kukoroga."

"Na ukanipa hivyo hivyo, hukuona haya?"

"Haya nimeona. Lakini ningeificha wapi, babu, na ulimi wenyewe ndio huo wako?"

Halafu yule mzee akacheka! Alicheka mpaka kofia ikamwangukia magotini, na wazee wenzake wakaanza kucheka kwa sababu yeye anacheka. Akainua kata, akanywa yote, akanirudishia tupu.

"Ya Mama Shose ni nzuri kuliko hii, wala msinidanganye kwamba siyo," akasema. "Lakini hii ndiyo nitakayopewa nikija kumtembelea mjukuu wangu, na aliyeniletea hakunificha kitu. Manka atakaa na watu. Mwiteni basi, mwambieni atoke."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilivuka mto! Kaka Aminieli akalia mbele za watu, mwanamume mzima, na hakuna aliyemcheka ila mimi. Ngoma ikaanza. Na ule mtungi wa Mama Shose usidhani ulimwagwa, tulikuwa na furaha, hatukuwa wajinga. Uliisha wa kwanza. Manka akaja kwetu, akawa mpishi mzuri kunipita mimi na mama, na kila alipokuja mzee alilalamika kwamba mbege ya Manka ni tamu mno, yuko wapi yule mtoto wa moshi. Naye Aminieli akaniomba radhi kwa mbuzi. Nilimpokea, ila nilimkumbusha tukio hilo kila Krismasi, mpaka uzee wetu.

Basi sikilizeni, wanangu. Bishaneni vodka zenu, sikatazi, kila ulimi una bwana wake, na kipendacho roho hula nyama mbichi. Ya bei kubwa nunua kama mfuko unakuruhusu, ya bei ndogo nunua bila kujificha, na mkinywa mjue njia ya kurudi nyumbani mngali mnaiona. Lakini siku unayokwenda kuomba jambo kubwa, mke, kazi, urafiki, usiende na kilicho bora cha mtu mwingine. Utasifiwa, ndiyo, ila sifa itakuwa ya mwenye kitu, na wewe utabaki umesimama pale hakuna aliyekuona. Peleka chako na kasoro yake, uitaje kwa kinywa chako kabla hujaulizwa. Anayekukubali hivyo hutalazimika kumficha kitu maisha yako yote.

Ruwa, Mungu wetu, awape mikono isiyoona haya kwa ilichokipika. Awape wakwe wacheshi na malango yanayofunguliwa. Mshuke salama Dar, na mwakani mpande tena wote, asipungue hata mmoja.