Nilimwita mjane wa mwanangu malaya kwa sababu ya tarehe ya picha

Admin, ficha jina langu, huku Suneka najulikana. Mimi ni nyanya wa miaka sabini na mbili. Shule niliachia darasa la nne, na nyinyi wa kucheka haraka, ngojeni kwanza mnisikie.

Mwanangu wa mwisho tulimzika mwisho wa mwezi wa nane. Kwetu mjane hukaa nyumbani, hazururi sokoni. Simu ya marehemu nilichukua mimi, niwe nikitazama picha zake. Siku moja nikapata picha ya mke wake akiwa soko la Daraja Mbili, gauni jekundu, meno yote nje. Nikabonyeza, tarehe ikatokea: 03/09. Mimi nikasoma vile nilifundishwa: tarehe tatu, mwezi wa tisa. Udongo wa kaburi haujakauka!

Sikumwita kando. Nilingoja Sabato, wanawake wa kanisa walipokuja kutuombea, nikamwekea simu usoni. "Nani alikuwa na simu ya mwanangu akikupiga picha? Ni mwanaume gani?"

Akajibu polepole, "Mama, ni yeye mwenyewe alinipiga."

"Maiti anapiga picha? Malaya wewe!"

Kesho yake alibeba watoto akarudi kwa wazazi wake Nyamarambe.

Juzi kioo cha hiyo simu kilipasuka, nikaipeleka kwa fundi. Alipomaliza nikafungua picha nione kama zimebaki. Moja mwanangu amepakata mtoto, imeandikwa 03/25. Nikamuuliza, "Wewe fundi, mwezi wa ishirini na tano ni wa nchi gani?"

Akacheka. "Magokoro, nyanya yangu, hii simu imewekwa kama ya Wamarekani. Mwezi unatangulia, tarehe inafuata."

Basi ile ya gauni jekundu ilikuwa mwezi wa tatu. Mwanangu alikuwa mzima, na ni yeye alikuwa anamchekesha mke wake.

Msiniambie simu ilikosea. Simu haikumwita mtu malaya, ni mimi. Nampigia, hashiki. Kwa wakwe nako mtu haingii tu bila kualikwa. Na wale wanawake bado wananisifu eti nilisafisha boma, mimi nanyamaza kama mwizi. Nianzie wapi, kwa baba yake Nyamarambe, ama nisimame kanisani Sabato hii niseme nilimsingizia? Niambieni ukweli, na mtu asinibembeleze.