Wali wa Kunywa

Miaka ile ya vita vya Kongo, majirani wa mtaa wetu pale Kamembe, upande wa Rwanda, tulipikia watoto kila Jumamosi, na mtu mzima mwenye njaa naye alikaribishwa. Mpishi alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mchuuzi wa kuvuka mpaka. Siku moja mpaka ulifungwa, akabaki ng'ambo. Sufuria nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sikuwa na kazi.

Nilipiga hesabu ya maji kwenye karatasi. Mchele wa Bugarama haukuisoma. Ulilainika ukawa uji, na watoto walikuwa wameshanawa mikono. Chakula kingine hatukuwa nacho.

Msichana mdogo akachungulia. "Papa, hii tunakula ao tunakunywa?"

"Tunakunywa," nikasema, kama mtu aliyepanga hivyo tangu asubuhi, nikamimina sukari yote na maziwa aliyoleta jirani. Vikombe vilirudi mara tatu.

Jumamosi iliyofuata mpaka ulikuwa umefunguliwa na yule mama alikuwepo, akapika wali wake mzuri, punje mojamoja. Watoto wakautazama kwa huzuni. Akaniita pembeni.

"Wewe muntu wa masomo, uliweka maji ngapi?"

Karatasi nilikuwa nimeitupa motoni. Nikamwambia amimine tu hadi aone aibu.