Kichwa Kimoja, Maboksi Matatu

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu: siku amplifaya ya marehemu Lugata iliponusurika kuungua mbele ya watu wote wa Ngokolo. Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mume wangu, Mayunga wa Mzee Kashinje, alipiga gitaa, mimi niliimba, na mdogo wake Shija alishughulika na nyaya, kazi aliyojipa mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemkataza.

Usishangae bibi kuongea mambo ya amplifaya. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Lakini jina la mtu na jambo nililoliona kwa macho yangu, hivyo viwili havijawahi kuniponyoka.

Chombo kile cha kukuza sauti hakikuwa chetu. Lugata ndiye aliyemfundisha Mayunga gitaa, kisha homa ikamchukua kabla hajaoa. Mama yake alikihifadhi chumbani, amekifunika kitenge. Kilikuwa cha zamani, kile chenye taa ndogo za kioo ndani zinazoiva nyekundu kama makaa. Tulikiita kichwa, kwa kuwa kilikaa juu, na boksi la spika likakaa chini yake kama kiwiliwili. Mayunga alipokwenda kukiazima alipiga goti mlangoni. "Shikamoo, mayu." Mayu ndiyo mama, kwa Kisukuma chetu. Mama Lugata akaitikia marahaba, akakiondoa kile kitenge.

"Kichukue," akasema. "Mwanangu hakukinunua kikae gizani. Kifungeni boksi hili moja. Ila ujue, sauti yake nyingine sina."

Mayunga akaapa kukirudisha kama alivyokichukua.

Sasa uelewe desturi. Kwetu, mavuno yakishaingia ndani, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watu ndio waamuzi: wakikuhama, umeshindwa. Tangu enzi za mababu, kundi likiona linahamwa huongeza ngoma. Ngoma zikizidi vumbi linazidi, vumbi likizidi watu wanarudi. Hiyo ndiyo hesabu yetu, na kwa ngoma haijawahi kukosea.

Siku hiyo tulishindana na vijana wa Isaka. Wale watu walikuja na makelele ya kutosha kuamsha wafu. Watu wetu wakaanza kusogea kidogo kidogo, kwanza watoto, halafu kina mama, halafu hata shangazi yangu Minza, damu yangu mwenyewe! Msemaji wao akatutania kwenye kipaza sauti: "Ngokolo, mnaimba au mnaungama dhambi?" Uwanja ukaangua kicheko.

Shija hakuvumilia. "Kaka, tumekwisha. Tuongeze maboksi."

"Mama Lugata kasema boksi moja."

"Kasema moja kwa sababu analo moja! Ngoma ikipwaya unaongeza ngoma. Au wewe umezaliwa Dar?"

Mayunga akainamia gitaa lake, na wako watu ambao usipowakataza wanajua umekubali. Shija akakimbilia kwa fundi redio pembeni ya uwanja, akaazima maboksi mengine mawili, akayafunga yote matatu pamoja kwenye tundu lile lile moja nyuma ya kichwa. Mwanangu, debe tupu haliachi kuvuma. Uwanja ulijaa sauti, watu wakarudi wakikimbizana. Minza naye akarudi, eti alikwenda kunywa maji.

Furaha ile haikumaliza hata wimbo. Gitaa likaanza kukwaruza, likawa kama mtu anayeongea huku anatafuna muhogo mbichi. Nikaona zile taa za ndani zimeiva kupita kawaida. Ikaja harufu ya vumbi linaloungua. Nikageuka, nikamwona Mama Lugata anakata katikati ya wachezaji, kitenge kimemfunguka, hajali.

Mayunga naye alikuwa amenusa. "Chomoa! Chomoa maboksi!" akamwambia mdogo wake, na vidole bado viko kwenye nyuzi. Shija akanyoosha mkono kwenye nyaya.

"Usiguse!" Sikujua mama yule ana sauti kubwa namna ile. "Zima kwanza! Kichwa kizimwe ndipo uchomoe!"

Mayunga akazima. Upande wa pili wakashangilia kama wamepewa ng'ombe. Mama Lugata akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya kile chombo, vile unavyompima mtoto homa.

"Mayu, kitapona?" akauliza Mayunga.

"Sijui. Tukiache kipoe."

Tukangoja. Katika kungoja huko ndipo alipomkanya Shija, na wala hakumkaripia.

"Shija, baba. Kwenu mnalima kwa plau?"

"Ndiyo, mayu."

"Ng'ombe wale wawili wanavuta plau ngapi?"

"Moja."

"Na siku jirani amesimama anawatazama, mnawafunga plau tatu?"

Shija akatazama miguu yake. "Hapana, mayu."

Akatueleza, na mimi niliyashika neno kwa neno. Alisema Lugata alikuwa akikifungua kichwa hicho sebuleni, anaongea peke yake, naye mama yuko pembeni anachambua mchele anasikiliza. Nyuma ya kichwa kuna matundu matatu yenye namba: nne, nane, kumi na sita. Boksi lina namba yake, mafundi wanaiita omu. Boksi la nane liende tundu la nane. Lakini maboksi mawili ya nane ukiyafunga ubavu kwa ubavu hayawi kumi na sita, yanashuka yanakuwa nne, kwa sababu umeme umepata njia mbili za kupita na kichwa kinanyonywa mara mbili. Basi hayo yapelekwe tundu la nne, yatakaa salama. Matatu hayana tundu lake pale. Yatakinyonya mpaka kiungue.

"Na ukiyachomoa yote huku kinanguruma," akasema, "kinaungua vilevile. Nguvu zake zinakosa pa kwenda, zinakirudia chenyewe."

Mayunga akakuna kichwa. "Kumbe mzigo ukizidi kinakufa, na mzigo usipokuwepo kinakufa?"

"Kama mtu, baba."

Kilipopoa, akamwambia Shija asome namba nyuma ya boksi moja la kuazima. Nane. Wakalifunga pamoja na lile la Lugata, nalo la nane, wakayapeleka tundu la nne. Mayunga akawasha. Taa zikaiva polepole, akagusa uzi mmoja tu, na sauti ikatoka safi kama maji ya mtungi. Mama Lugata akaziba mdomo kwa kitenge. "Wabeja," akasema, yaani asante, lakini mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani.

Tulishindwa, nisikudanganye. Watu walikuwa wameshahamia upande wa Isaka. Waliobaki kwetu walisogea karibu, wakakaa chini, tukawaimbia mpaka jua likaingia. Shija ndiye aliyekirudisha kichwa kile kwa mama, amejitwika mwenyewe, anatembea kama amebeba mayai.

Basi, mwanangu, nisikilize. Watu husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, lakini hata Mnyamwezi ana uti wa mgongo. Nawaona watoto wetu huko Geita machimboni. Mmoja akipata kidogo, ukoo mzima unajifunga kwake, huyu ada, huyu bati, huyu harusi, naye anawaka tu, tunamsifu anavyong'aa. Kuwaka sana si afya. Ukimpenda mtu, muulize ana tundu la namba gani kabla hujamfunga boksi la pili. Na ukiona anakwaruza, usimkatie kila kitu ghafla ukamwacha hana hata mmoja anayemtegemea. Mpumzishe kwanza, kisha mpangie upya. Na wewe kijana mwingine uliyekaa kijiweni mchana kutwa, hujafungwa na chochote, ukidhani ndiyo raha, nguvu zako hizo zitakurudia. Tafuta hata kitu kimoja cha kuvuta. Anayekucheka uwanjani mwache acheke. Aliyemwiga tembo mwisho wake unaujua, sitautaja, kuna watoto.

Mungu akupe mzigo unaolingana na mgongo wako, usikulaze chini wala usikuache mtupu. Akupe mtu wa kukugusa paji la uso kabla hujaungua, nawe uwe mtu huyo kwa mwenzako. Nenda salama, mwanangu.