Ua Nilioupima kwa Macho

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mnyororo kabla sijaulizwa jina. Ilikuwa miaka ya arubaini, vita havijaisha, na elimu yangu ilikuwa ya chuo cha Kurani tu. Mnyororo wa kupimia ardhi ni wa chuma, una pete mia moja, na ukinyooshwa barabara ni futi sitini na sita. Ukilegea, hudanganya. Wenzangu walihitaji mwezi kuuzoea. Mimi siku ile ile niliukunja kwa mkono mmoja. Haukupita mwaka nikawa nashika daftari la vipimo, kazi ya waliosoma. Sikusomeshwa na mtu. Nilisimama nyuma ya karani nikatazama, basi.

Bandari ya Kilindini ilikuwa ikivuta watu kutoka kila upande, na mitaa ya nje ya Mji wa Kale, huku Makadara na mbele yake, ikafurika. Nyumba zilibanana, maji machafu hayana pa kupita, na watoto tulikuwa tukiwazika. Afisi yetu ya upimaji ikaamua mitaa ipangwe upya pamoja na wenyeji: barabara, mitaro, na viwanja vya akiba kwa watakaozaliwa. Kila mtaa ulikuwa na kamati. Mkuu wetu wa upimaji, tuliyemwita Bwana Sorovea, Mzungu mrefu asiyecheka, aliketi nao barazani ramani ikiwa magotini. Sharti lake lilikuwa moja: barabara ipite penye uwazi, isivunje chumba cha mtu. Na uwazi uko wapi, aliujua kwa daftari langu.

Tukafika nyumba ya fundi mmoja wa mashua wa Liwatoni, aliyekuwa amefariki wiki mbili nyuma. Mjane wake yuko edani. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumba ya marehemu, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu yake. Kuingia uani hakukuwezekana, na wala sikutaka. Dada wa mjane, Bi Mishi, alisimama nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu.

"Nipe huo mnyororo nikupimie. Wewe shika ncha ya nje, mimi nitashika ya ndani."

Nikacheka. Nikamwambia kazi hii si kukata kanga.

"Kwani, kaka, kupima ua wetu kwataka cheti?"

Nikajibu kwamba jicho langu latosha. Nikapita ubavuni mwa nyumba, nikautazama uzio wa makuti, nikaandika: ua mtupu, futi arubaini. Nyuma ya uzio ule marehemu alikuwa amewajengea binti zake vyumba viwili vya udongo, paa lake fupi lisionekane njiani.

Miezi miwili baadaye, ramani ilipoletwa barazani, mzee wa mtaa akaweka kidole juu yake. Akasema hapa barabara ilipopita pana vyumba. Bwana Sorovea akataka kwenda kuona. Mzee akamwambia hapaingiliki mpaka eda iishe, asubiri miezi miwili. Masika yalikuwa karibu na mitaro bado. Mkuu akanigeukia.

"Ua huo uliupima kwa mnyororo?"

Kamati nzima ilinitazama. Watu wale wale nilikuwa nimewatambia asubuhi kwamba sijapata kukosea hata futi.

"Ndiyo, bwana. Ua mtupu."

Akaliamini daftari kuliko mzee, akatia sahihi.

Siku ya kuvunja uzio, mitaro ilikuwa imeshafika pande zote mbili, haina pa kupinda. Vyumba vikaonekana. Bwana Sorovea alinitazama mara moja, kisha akawaambia vibarua waendelee. Wanawake wa mtaa walishika doti za kanga wakafanya ukuta, wakampitisha mjane katikati yake, asionekane. Eda yake aliimaliza Mji wa Kale, kwenye chumba cha kuazimwa. Binti zake waligawanywa kwa jamaa.

Bi Mishi alibaki nyuma. Vumbi lilipotulia akanijia.

"Haya pima, kaka. Ua sasa u wazi."

Nikapima. Ua mtupu aliokuwa nao mjane ulikuwa futi kumi na saba.

Nimestaafu na nguvu zangu bado ninazo. Nimepanga mitaa mingi, na masika maji yapita nilipoyaelekeza. Watoto wa mtaa ule hawafi tena kama zamani, na hilo sitanyang'anywa na mtu. Vijana wa afisi wakinijia nawaambia: nyumba usiyoweza kuingia, mpe mnyororo anayeweza, hata kama hajui kusoma pete. Mfundishe hapo mlangoni.

Bi Mishi yu hai. Sisi wa Mvita salamu zetu ni ndefu. Mtu huulizwa nyumbani, watoto, afya, mpaka majirani. Nikikutana naye njiani namtolea salamu. Huitikia, kwa kuwa kuitikia ni faradhi, kisha hupita.