Aliyemo Ndani Ndiye Anunuaye

Majina yao yote ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya wake waliowaacha huko walikotoka. Siyaandiki. Skuli nilisoma kidogo sana, lakini hili moja nalijua: jina la jirani ukishaliandika, huwezi kumwomba chumvi tena. Nitawataja kwa kazi zao, na wao wenyewe watajijua.

Nyumba hii ya Junda si yangu. Tuliipanga na marehemu mume wangu, nyumba nzima, na alipotangulia mbele ya haki nikaona vile vyumba vyanitazama. Nikamwendea mwenye nyumba, nikamwambia, "Baba, nataka kuweka watu."

Akasema, "Weka, mama. Lakini mimi nakujua wewe. Maji ni wewe, stima ni wewe. Hao wako usiniletee hata salamu zao."

Nikakubali. Nilidhani stima ni kitu cha kugawanya, kama mkate.

Nikaweka watatu. Chumba cha mbele fundi cherehani, mwanamume mpole mwenye pasi nzito kama dhambi. Cha kati mama mmoja wa Kigiriama auzaye barafu za ubuyu, yeye na friza yake. Cha uani bwana mmoja wa bara afanyaye kazi ya makontena kule Kipevu, mwenye redio kubwa kushinda kabati langu. Mimi na mjukuu wangu wa kike tukabaki na viwili. Mita moja.

Tulipojaribu kugawana sawasawa, fundi alisema friza hailali usingizi. Mama wa barafu akamjibu, "Friza yangu yala kidogo kidogo, kama mgonjwa. Pasi yako ndiyo inayomeza bila kutafuna." Bwana wa Kipevu naye akasema, "Mathe, mimi niko job siku nzima, natumia stima gani?" Ikabidi alirudie hilo, maana redio yake ilikuwa yanguruma hatukumsikia.

Ndipo nikatoa sheria. Nikawaambia, "Stima ikizima, aliyemo ndani ndiye anunuaye." Niliona ni haki tupu: aliyemo ndani ndiye mwenye kuihitaji. Wote wakasema mama amenena.

Lo! Ukumbini tuna kile kidude cha mita chenye vitufe, na tokeni, yaani stima tuliyoinunua, ikikaribia kwisha hulia, ti, ti, ti, kama kifaranga aliyepotelewa na mamake. Uone watu wanavyowakumbuka jamaa zao kikilia! Fundi humkumbuka shangazi yake mgonjwa wa Likoni. Mama wa barafu huzipakia barafu zake kwenye beseni, akajitwika, akaenda kuzilaza kwenye friji ya jirani. Bwana wa Kipevu hutoka hata bila viatu. Mimi pia mguu wangu mbaya hupona papo hapo. Siku moja tulikutana sote kwenye hitima ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumjua. Tukala pilau, tukamwombea maiti, na kila mmoja akimwangalia mwenziwe nani atarudi nyumbani kwanza.

Basi, mjukuu wangu akataka kuposwa. Kijana mwenyewe nilikuwa nimemchunguza mpaka kwa nyanya yake, na sikumwona kasoro ila masikio. Na mjukuu wangu akimpenda, kwa masikio yake yote. Taabu ilikuwa ami yake kijana. Yeye ndiye mwenye kauli kwao, na sifa zake zilifika kabla yake: nyumba nyingine aliwahi kuondoka katikati ya posa kwa kuwa aliletewa kahawa iliyopoa. Posa ikafa hapo hapo. Mjukuu wangu alipolisikia hilo, akawa anajaribu kahawa kila siku na kidole.

Wiki ile wapangaji wangu wakawa watu wema sana. Fundi akaazima pasi ya makaa. Redio ikanyamaza. Friza ikazimwa, ikafunikwa leso kama maiti. Nikasema wallahi, hawa wananiheshimu kwa sababu ya wageni wangu. Kumbe! Asubuhi ya siku ya posa, ti, ti, ti. Nikafahamu. Walikuwa wakiivuta ile tokeni, wakiivuta, ifike siku ambayo mimi siwezi kutoka.

Nilipotazama, vyumba vyote vitatu vina kufuli.

Mwanangu, babake msichana, alikuja mapema kutoka Changamwe kupokea wageni. Akasikia kile kilio. "Mama, ninunue mimi, tumalize?"

"Ukinunua leo, nitanunua mpaka nife. Keti."

"Nyanya, watatukuta kizani!" mjukuu wangu akaanza kulia. "Ami yake ataondoka!"

"Hawataingia," nikamwambia. "Chukua mikeka."

Tukatandika barazani, na mbele ya baraza. Msichana nikampeleka kwa jirani pamoja na wanawake, kwani hata kwa ada mwari haonekani siku ya posa. Huko nikawakuta wapangaji wangu wote watatu wamejipanga dirishani, wanalamba barafu.

"Shikamoo mama," wakasema, wapole kama maiti.

"Marahaba," nikawaambia. "Nyumbani hamna mtu. Hata mimi simo."

Wageni wakaja baada ya alasiri. Ami alikuwa na kanzu iliyonyooka, hata nzi hakuthubutu kutua. Akatazama mikeka. "Mbona twakaa njiani, mama?"

"Ndani joto, baba. Hapa pana upepo."

"Kwetu mgeni huingizwa ndani."

Nikammiminia maji ya ukwaju. Akanywa, akakunja miguu mkekani. Nikaona ukwaju unafaa, nikammiminia tena, na tena. Maneno yakasemwa vizuri, ya kuomba na ya kuombwa. Mwanangu akajibu kama desturi ilivyo, kwamba tumesikia, tutawapa jibu baada ya Ijumaa mbili. Msichana akitolewa jibu siku ile ile, watu husema nyumbani walikuwa wamemchoka. Jua likawa lazama, na mimi nashukuru kwamba yamekwisha, nilipomwona ami anamnong'oneza mwanangu.

"Mama," mwanangu akasema, "mgeni ataka msalani."

"Kwa jirani ndiko kuzuri zaidi," nikasema.

"Mama!"

Basi akaingia kwetu. Mimi sikumtia chooni. Ni ukwaju. Nikabaki nje namwomba Mungu amharakishe. Kidude kikalia ti, kikalia ti, kikanyamaza.

Choo chetu hakina dirisha. Tukasikia ndoo, kisha birika, kisha ndoo tena. "Jamani! Ni nini hiki?"

Dirishani kwa jirani mama wa barafu akapaza sauti, "Nani yumo ndani?"

"Mgeni!" akasema fundi.

"Basi ni yeye!" akasema bwana wa Kipevu.

Ami akatoka akipapasa ukuta, kofia imegeuka, kanzu imeroa mpaka magotini. Akasimama mlangoni. "Basi ni mimi nini?"

Nikaona nimweleze tu. Nikamwambia nyumba ni ya kupanga, nami nimepangisha wengine, mita ni moja, na sheria yetu ni hii na hii. "Lakini wewe ni mgeni, baba, haikuhusu."

"Sheria hii umeitunga wewe?"

"Ni mimi."

"Na wewe imekukuta ndani mara ngapi, stima ikizima?"

"Haijapata kunikuta, baba."

Akaikamua kanzu yake. Nikaona posa inakwenda zake, yapiga kona ile. Kisha akasema, "Mimi nimekuja kutaka kuwa mtu wa nyumba hii. Itakuwaje sheria yake isinihusu? Nipe nambari ya mita."

Nikamtajia kwa kichwa, bila kutia koma, akanunua kwa simu. Ujumbe ukaja, asiweze kuusoma. "Miwani yangu imebaki kule," akasema, akionyesha chooni, "na sirudi." Akapiga ukelele kuelekea gari lao lililokuwa pale kona, na nani akatoka? Kijana mwenyewe, muoaji, aliyekuwa amejificha chini ya kiti, kwani muoaji naye haonekani posani. Nasi vitufe vya kidude chetu vimefutika vyote, na anayejua kipi ni kipi ni mjukuu wangu peke yake. Ikabidi naye aje, kwa mlango wa uani, leso mpaka machoni.

Basi kijana akasimama mlangoni, uso kaupa barabara asimwone mwari, akawa anasoma nambari. Wazee mikekani wakawa wanazirudia kwa sauti kama watoto wa chuo cha Kurani, ili zifike ndani. "Tano!" "Tanooo!" "Sufuri!" "Sufuriii!" Mara ya kwanza ikakataa, maana fundi kule dirishani alikuwa akisaidia kwa nambari zake mwenyewe. Tukamnyamazisha, tukaanza upya.

Taa zikawaka. Wanawake kwa jirani, kwa furaha ya ule mwanga tu, wakapiga vigelegele.

Na kigelegele siku ya posa kina maana moja. Nyumba ya pili ikaitikia, na ya tatu. Watu wakaanza kutoka milangoni wakija kutupa mkono, "Mabruki! Mabruki!" Mama wa barafu akaja na beseni akamgawia kila mtu, kwani zilishaanza kuyeyuka.

"Lakini tulisema Ijumaa mbili," mwanangu akanong'ona.

"Umeshajibu, bwana," ami akamwambia. "Junda nzima imesikia." Akainua mikono, tukasoma Fatiha. Kutoka ukumbini nikamsikia mjukuu wangu anacheka, amesahau kabisa kwamba mwari huinamisha kichwa.

Sasa amehamia kwa mumewe, na sheria yangu ingali ipo. Ami ni mtu wetu, huja kunijulia hali. Hasemi hodi kama watu wengine. Husimama kizingitini, akatoa shingo, akatega sikio.

"Mama. Kinalia?"

"Hakilii, baba. Karibu ndani."

Hapo ndipo avuapo viatu. Lakini ukwaju wangu, hata nimbembeleze vipi, hanywi.